UZI: Siku tatu Ruaha na marafiki, na asubuhi tuliyokaa mbele ya kisima cha tembo

Mbuyu Mkongwe (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mwaka kiangazi kikikaribia, swali lile lile huletwa hapa: kikundi cha marafiki wamejichanga, wanataka kwenda hifadhini, waende wapi na watawaona wanyama gani. Wachangiaji huwajibu kwa majina ya hifadhi na majina ya wanyama, na uzi huishia hapo. Nimeona nilete safari yetu ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa kirefu, kwa sababu siku ya kwanza tulizunguka sana tukaona kidogo, na siku ya pili tulikaa mahali pamoja tukaona mengi. Ningependa kikundi kinachojiandaa sasa kianze na ile siku yetu ya pili.

Tulikuwa watu sita, marafiki tuliosoma pamoja sekondari Morogoro, ambao sasa kila mmoja ana kazi yake na familia yake. Tulichangishana kwa miezi minane, na mweka hazina wetu, ambaye ni mhasibu hata kazini kwake, hakumwachia mtu mwezi hata mmoja. Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri, mwezi Septemba. Kutoka Dar hadi Iringa ni takriban kilomita 500, na barabara hiyo inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50, kwa hiyo aliyekaa dirishani aliwaona twiga na swala pala kabla hata ya chakula cha mchana. Baada ya Mikumi mnapita bonde lenye mibuyu isiyohesabika, mnapanda mlima wa Kitonga polepole nyuma ya malori, kisha mnaingia kwenye baridi ya Iringa. Tulilala mjini. Kesho yake tulipita barabara ya vumbi hadi Tungamalenga, kijiji ambako wengi hununua mahitaji yao ya mwisho kabla ya lango, na tukafika Msembe, makao makuu ya hifadhi, yaliyo kiasi cha kilomita 130 kutoka Iringa.

Sasa nieleze siku ya kwanza, maana kosa lilikuwa letu na nisingependa kulificha.

Kila mmoja wetu alikuja na orodha. Mmoja alitaka simba dume, mwingine chui, mwingine mbwa mwitu, na wote tulizungumzia wale wanyama watano wakubwa ambao wageni huwafuata (simba, chui, tembo, nyati na kifaru), ilhali Ruaha vifaru walikwisha zamani kwa ujangili, kwa hiyo orodha ilikuwa na pengo kabla hatujawasha gari. Dereva wetu alikuwa mtu mzima mwenye subira, na kwa kuwa sisi ndio tuliomlipa, alitutii. Simu ilipoingia kwamba simba ameonekana upande wa pili, tulimhimiza akimbize gari. Tulikuta magari matatu yamesimama na simba jike amelala kwenye nyasi, na kilichoonekana ni sikio moja lililokuwa likifukuza nzi. Tukapiga picha, tukakaa dakika sita, tukaondoka kumtafuta chui, ambaye hatukumpata. Njiani tuliwapita pundamilia, ngiri, nyani, tandala na twiga bila kusimama, kwa kuwa hao, kama alivyosema mmoja wetu, "tumeshawapata".

Jioni tuliwakuta tembo wakivuka njia, familia nzima. Tukamsihi dereva asogee. Alisogea kidogo akasimama, tukamsihi tena, akasogea tena. Jike aliyekuwa na ndama aligeuka, akainua kichwa juu, akatandaza masikio hadi yakawa kama mlango uliofunguliwa pande mbili, na mmoja wetu aliyekuwa amesimama kwenye paa la gari akapiga kelele ya furaha. Dereva alirudi nyuma kwa kasi ambayo hatukujua gari lile linayo. Jike yule alituangalia kwa muda, akamsukuma ndama wake kwa mkonga na kwenda zake. Hatukudhurika, lakini mpaka leo nikikumbuka naona tulimtendea vibaya yule mama, ambaye alikuwa akivusha mtoto barabara tu.

Usiku ule tulipokuwa tukiota moto nje ya mabanda, mhasibu wetu alisoma hesabu: aina kumi na nne za wanyama kwa siku moja. Tukashangilia. Kisha mmoja akauliza swali la kawaida kabisa, kwamba tandala tuliyemwona alikuwa akifanya nini. Hakuna aliyejua. Wa kwanza alisema alikuwa amesimama, wa pili alisema alikuwa akikimbia, na wa tatu hakukumbuka kwamba tulimwona. Dereva alikuwa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kesho nipeni asubuhi moja tu. Mkiona haifai, mchana nitawakimbiza mpaka mchoke."

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Alitupeleka kwenye Mwagusi, mto wa mchanga unaoungana na Ruaha Mkuu, ambao kiangazi hauna maji ya kuonekana kabisa. Ni njia pana ya mchanga mweupe yenye miti mikubwa kandokando. Alisimamisha gari juu ya gema mahali penye kivuli, akazima injini, akatupa masharti matatu: simu zizimwe sauti, tuongee kwa kunong'ona, na mtu yeyote asiulize tunaondoka lini.

Kwa dakika kama arobaini hakukuwa na mnyama mkubwa hata mmoja. Nakiri kwamba dakika hizo zilikuwa ngumu, hasa kwa watu waliozoea kushika simu kila baada ya muda mfupi. Lakini macho yalianza kuzoea. Mchanga ule, ambao mwanzoni tuliuona mtupu, ulikuwa umejaa nyayo: za kuro, za fisi, na zile duara pana za tembo zenye mistari ndani kama nyufa za udongo uliokauka. Ndege aitwaye hondohondo, mwenye mdomo mwekundu, alikuwa akichambua kinyesi cha tembo kwa ncha ya mdomo, punje kwa punje. Kuro dume aliteremka na kusimama katikati ya mto kama mtu anayesubiri basi.

Kisha tembo wakaja, tisa, bila kishindo chochote. Watu wengi hudhani tembo husikika kutoka mbali, lakini mguu wake una nyama laini chini inayomeza sauti, na sisi tuliwasikia kwanza kwa tawi lililovunjika, kisha kwa pumzi zao. Aliyewaongoza alikuwa jike mzee asiye na pembe. Aliteremka hadi mchangani, akapitisha ncha ya mkonga juu ya mchanga sehemu kadhaa kama anayenusa chungu, akachagua mahali, na kuanza kupiga mchanga kwa mguu wa mbele, kwa teke fupi la kuelekea nyuma. Shimo lilipofika kina cha goti lake aliacha mguu na kuingiza mkonga, akawa anachota mchanga mbichi na kuutupa kando. Alipoanza kupata maji hakuyanywa. Aliyavuta na kuyamwaga, akavuta tena na kuyamwaga, kisha akasimama bila kufanya kitu, akingoja. Dereva alitunong'oneza kwamba anasubiri shimo lijae maji safi yanayochujwa na mchanga. Alipoyaridhia ndipo aliyapeleka kinywani.

Shimo lilikuwa jembamba, linaingia mkonga mmoja tu, kwa hiyo wengine walisubiri. Alikuwepo ndama ambaye mkonga wake haukufika kwenye maji. Alipiga magoti ya mbele, akaegemeza shavu kwenye ukingo wa shimo, akanyoosha mkonga mdogo usiomtii vizuri, na bado haukufika. Alijaribu mara nne, nilihesabu. Mara ya nne ukingo ulibomoka na kufukia maji. Jike mzee hakumfukuza. Alimsogeza pembeni kwa mguu, akachimba upya kutoka mwanzo, na alipokunywa, maji mengi yalimdondoka kinywani na ndama akawa anayadaka kutoka chini, uso wake ukiwa umelowa. Mhasibu wetu, aliyesoma hesabu ya aina kumi na nne usiku uliopita, alikuwa ameshika mkono wangu bila kujua kwamba ameushika.

Tulikuwa karibu kiasi cha kuona kope za yule jike mzee, ndefu na zenye vumbi, na ule mchirizi wa majimaji kando ya jicho. Tulisikia pia mngurumo wa chini sana, ambao mimi niliudhani ni wa tumbo. Dereva alisema ni mazungumzo yao, na kwamba sehemu ya mazungumzo hayo ni ya chini mno kwa sikio la binadamu.

Walikaa kwa saa moja na dakika kumi. Swala pala wapatao ishirini walikuwa wamekusanyika upande wa pili, pamoja na nyani, na hakuna aliyethubutu kukaribia. Tembo walipopanda gema na kupotea kwenye miti, nyani dume alifika kwanza shimoni, akafuatiwa na ngiri na vifaranga wa kanga na mama yao. Kwa maneno mengine, kisima kile kiliwanywesha wanyama wote wa pale ambao wasingeweza kukichimba wenyewe.

Swala pala hawakuja. Walikuwa na kiu kama wengine, lakini wote walisimama wakiangalia upande mmoja, chini ya gema letu, kwenye vichaka vya miswaki. Tuliwaangalia kwa robo saa kabla ya mmoja wetu kuuliza wanaangalia nini. Dereva alitabasamu na kutuelekeza tuinamie upande wa kushoto wa gari. Chini yetu, kwenye kivuli, umbali ambao jiwe lililotupwa na mtoto lingefika, walikuwa wamelala simba majike wawili na dume mmoja. Walikuwepo tangu tulipofika, saa tatu nzima. Jana yake tuliendesha gari nusu siku kutafuta sikio moja.

Mchana hakuna aliyemtaka dereva atukimbize.

Kihesa Juu

Asante sana mkuu, nimesoma neno kwa neno. Mimi ni mwenyeji wa Iringa na nakiri kwamba nimefika Ruaha mara moja tu, na shule. Naomba nikuulize bila kukukera: kwa kikundi kitakachokwenda mara moja maishani, kwa nini wasiende Serengeti au Ngorongoro ambako wanyama ni wengi na wako wazi? Kule Ruaha kuna vichaka, na mtu anaweza kurudi mikono mitupu.

Mbuyu Mkongwe

Ndugu yangu, hujanikera hata kidogo, na sitaki kuidharau Serengeti, ambayo niliwahi kufika na nikatokwa na machozi. Anayetaka kuona nyumbu zaidi ya milioni moja wakihama hana pengine pa kwenda. Kati ya Januari na Machi huwa kwenye nyanda za kusini, upande wa Ndutu, wakizaa. Na kuanzia Julai hadi Oktoba ndipo wengi huvuka Mto Mara huko kaskazini. Kreta ya Ngorongoro nayo ina kiasi cha kilomita za mraba 260 tu chini, kwa hiyo kwa siku moja mtu huona wanyama wengi sana, pamoja na kifaru akijaliwa. Mwenye siku moja tu na wazee wasioweza safari ndefu, mimi mwenyewe ningempeleka kreta.

Lakini nilichokipata Ruaha kilitokana na mambo mawili. La kwanza ni ukubwa na uchache wa watu: hifadhi hii ina karibu kilomita za mraba 20,000, na asubuhi ile ya Mwagusi hakuna gari lingine lililotufikia. Ukizima injini penye magari ishirini, bado utasikia injini kumi na tisa. La pili ni kiangazi chenyewe. Kuanzia Juni hadi Oktoba maji hubaki sehemu chache, na mnyama hana budi kuja pale. Wewe huhitaji kumfuata, unahitaji kujua atakunywa wapi na kumtangulia. Mvua zikishanyesha, wanyama hutawanyika, majani hukua, na ushauri wangu hautafaa sana, ingawa kwa mpenda ndege huo ndio wakati mzuri, maana Ruaha ina aina zaidi ya 500 za ndege.

Halafu kuna jambo la wewe mwenyeji. Wazee wa Kihehe husema Ruaha limetokana na Ruvaha, yaani mto. Hifadhi hiyo ina jina la lugha yako; tafadhali usiiachie ile safari moja ya shule.

Dereva wa Nyanda za Juu

Salaam kwenu. Mimi nimeendesha wageni Ruaha, Mikumi na Nyerere kwa miaka mingi, na naomba niseme upande wetu, kwa sababu mleta uzi ametutendea haki.

Dereva mzuri anatamani kukaa. Kinachomzuia ni hofu ya uso wa mgeni. Mgeni akinyamaza dakika kumi na kuanza kuangalia saa, dereva huona bahashishi yake inaondoka, na pengine malalamiko yatafika ofisini kwa mwenye gari. Kwa hiyo anawasha gari na kufuata simu za wenzake. Marafiki wakiwa sita hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mmoja akichoka huwachosha wote. Kama mnataka kukaa, mwambieni dereva siku mnayokutana naye, kabla ya kuingia langoni, kwa maneno yaliyo wazi: sisi hatutakudai idadi.

Kuhusu yule tembo wa jioni. Alipoinua kichwa na kutandaza masikio, alikuwa akiwaonya, na onyo ni heshima. Maana yake bado anawapa nafasi. Kabla ya hapo huwa kuna dalili ndogo ambazo mgeni hazioni: huacha kula huku majani yakiwa bado mdomoni, hutikisa kichwa hadi masikio yapige mabegani, au hurusha vumbi kuelekea kwenu. Mkiona moja ya hizo, msingoje masikio. Msimwambie dereva asogee. Anayeonekana hana habari nanyi huku anabembeza mguu mmoja wa mbele, huyo anafikiri la kufanya, naye apewe nafasi. Na tembo dume mwenye majimaji mengi yanayochuruzika kando ya macho na mkojo unaodondoka miguuni yuko katika kipindi cha kutafuta jike. Huyo hana maonyo mengi, na sisi humpisha mapema.

La mwisho ni nguo. Watu huambiwa wavae rangi za udongo ili wasiwatishe wanyama, na hilo ni sawa, lakini Ruaha sababu kubwa ni mbung'o. Wanapenda rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Niliwahi kubeba kikundi kilichoshona sare za bluu kwa ajili ya safari. Waliteseka kwa siku mbili, na sikuweza kuwasaidia zaidi ya kufunga vioo.

Mkulima wa Mbarali

Wakuu, nimeupenda uzi huu, lakini naomba kuongeza jambo ambalo linatugusa sisi wa juu ya mto. Mleta uzi amesema Mwagusi hukauka kiangazi. Ni kweli, na ule umekuwa mto wa msimu siku zote. Lakini Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, na viboko hubanwa kwenye madimbwi machache, pamoja na mamba. Kila lisemwapo hilo, wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu, huku kwetu juu ya mto, ndio wa kwanza kunyoshewa kidole.

Sikatai kwamba maji yanaishia mashambani kwetu. Naomba tu mwelewe jinsi yanavyoishia. Mpunga huvunwa kufikia katikati ya mwaka, na baada ya hapo mtu angetegemea mifereji ifungwe maji yarudi mtoni. Vijiji vingi haviifungi, kwa sababu mfereji ule ndio maji ya kunywa, ya kufua na ya mifugo. Tumechimbiwa mfereji, hatukuchimbiwa kisima. Maji mengi hupotelea njiani kwenye udongo na majani ili mtu wa mwisho wa mfereji apate ndoo mbili. Penye kisima chenye pampu nzima, mfereji hufungwa bila ugomvi. Tembo wa mleta uzi na mama wa kijijini kwangu wanatafuta kitu kimoja katika mwezi mmoja.

Mbuyu Mkongwe

Mkulima, nakushukuru kutoka moyoni, na natamani mchango wako usomwe na kila anayekwenda Ruaha. Siku ya tatu tulipita kando ya Ruaha Mkuu na tukaona viboko unaowasema, wamebanana kwenye dimbwi la kijani kibichi kiasi kwamba aliyetaka kugeuka aliwagusa wote. Harufu ilitufikia kabla ya kuwaona. Dume mmoja alikuwa na jeraha bichi mgongoni, na dereva alitueleza kwamba dimbwi likipungua madume hugombea nafasi. Wakati ule sisi tulisikitika tu. Sikujua kwamba sababu moja ni kijiji kukosa kisima.

Maji yale yale, baada ya kupita hifadhini, ndiyo huingia bwawa la Mtera na kuendelea hadi bwawa la Kidatu, ambako huzalishwa umeme, kwa hiyo hata sisi tuliokuwa Dar es Salaam tukiwasha taa tumo katika habari hii.

Na kwa kuwa tumegusa mambo mazito, niongeze kuhusu yule jike asiye na pembe. Nilipomuuliza dereva kama amezivunja, alisema hakuwahi kuwa nazo. Wapo majike wanaozaliwa hivyo, na mahali palipokumbwa na ujangili mkubwa huonekana wengi kuliko kawaida, kwa sababu jangili alipiga risasi wenye pembe na kuwaacha hawa wazae. Takwimu za Serikali zilionyesha kwamba tembo wa Tanzania walishuka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Hii ni miaka mitano tu. Tembo jike hubeba mimba kwa miezi 22, kwa hiyo idadi ya namna hiyo hairudi upesi. Jike mzee yule aliipita miaka hiyo akiwa mtu mzima, na alikuwa na kumbukumbu ya mahali pa kuchimba. Nilipolijua hilo nilitamani niwe nimemwangalia kwa saa nyingine tatu.

Mpenda Bahari

Mkuu, heshima yako. Sisi tuko saba, kutoka Tanga, na tunapanga kwenda Septemba ijayo. Nina maswali matatu. Kwanza, gari moja litatutosha? Pili, mmoja wetu ni mtu wa maneno mengi, tunampenda sana, lakini hawezi kunyamaza dakika kumi, tumfanyeje? Tatu, ni vitu gani mlivikosa ambavyo mngekwenda navyo?

Mbuyu Mkongwe

Karibuni sana. Gari la safari lenye paa la kufunguka lina viti vya kuwatosha saba, lakini hakikisheni kila mmoja ana dirisha lake, na fungueni paa lile kwa mikono yenu kabla ya kulipia. Sisi gari tuliloahidiwa na wakala halikuwa lile lililoletwa, na paa lake lilifunguka nusu tu, upande wa nyuma ukiwa umefungwa kwa waya. Siku nzima ya kwanza watu wawili walisimama kwa zamu. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu langoni, kwa hiyo pateni namba ya malipo mapema. Raia tunalipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na wageni wa nje, basi nendeni na vitambulisho. Kibali huhesabiwa kwa saa 24. Mkiingia saa nane mchana, asubuhi yenu ya kesho bado imo ndani ya kibali kile kile, na asubuhi ndiyo mnayoitaka.

Kuhusu rafiki yenu, msimwache nyumbani. Na sisi tunaye, ndiye yule aliyepiga kelele kwenye paa. Siku ya pili dereva alimpa kazi: alimkabidhi darubini na kumwomba awe mtu wa kuangalia swala, na akiona wote wamegeukia upande mmoja, amguse bega bila kusema. Ndiye aliyeuliza wanaangalia nini. Alikaa saa tatu bila kuongea, na usiku alipoanza kuongea tulimsikiliza hadi moto ukazimika, kwa sababu yeye ndiye aliyeona mengi kuliko sisi sote.

Tulichokikosa ni darubini. Tulikuwa na moja kwa watu sita, ilhali simu zilikuwa nane. Azimeni angalau tatu. Bebeni maji ya kutosha, kitambaa cha vumbi, na chakula kisichotoa sauti; mfuko mmoja wa viazi vya kukaanga ulitufukuzia digidigi aliyekuwa hatua tano tu kutoka kwenye gari.

Kihesa Juu

Nina swali la mwisho, mkuu, kisha nitaanza kuchanga. Kile kisima cha tembo hubaki? Mtu akifika baada ya wiki ataonyeshwa?

Mbuyu Mkongwe

Tulirudi pale asubuhi ya tatu kabla ya kuondoka, kwa maombi ya mhasibu. Shimo lilikuwa limebomoka na kuwa kishimo kifupi kama sahani, lenye unyevu kidogo katikati na nyayo za fisi pembeni. Hatua kama kumi kuelekea juu ya mto palikuwa na shimo jingine, jipya, lenye maji ndani. Kingo zake zilikuwa kavu juu na mbichi chini, na kando yake, mahali mchanga ulipokuwa laini, zilionekana alama mbili za mviringo za magoti madogo.

Alama ya mkonga ilikuwa imefika hadi kwenye maji.